Maabara ya Damu Jirani na Barabara ya Kenyatta, Mwanza: Hapa Kioo Kinatazamwa kwa Hadubini

Mimi ni tabibu wa zahanati upande wa Igoma, na nimekuwa nikipeleka sampuli za wagonjwa wangu katika maabara ndogo ya binafsi iliyo jirani na barabara ya Kenyatta. Ninaipima kwa swali moja: namba za mashine zinapotia shaka, je, kuna mtu anayepaka damu kwenye kioo na kuitazama kwa hadubini kabla ya kutoa majibu? Hapa yupo, na kwa ugonjwa kama lukemia kali, yaani saratani ya damu inayoenda kasi, jambo hilo lina uzito kuliko ukubwa wa jengo au uzuri wa mapokezi.

Katika Kanda ya Ziwa, mtoto aliyepauka, mwenye homa na maumivu ya mifupa, hupata maelezo mengi ya kuridhisha kabla mtu yeyote hajafikiria saratani ya damu. Malaria ipo, selimundu ni nyingi, minyoo ipo, na wanaooga ziwani hupata kichocho. Kwa kuwa maelezo hayo ni sahihi kwa watoto wengi, lukemia hupata mahali pa kujificha: mtoto hutibiwa malaria, akaongezewa damu, akachangamka kwa muda, kisha homa ikarudi ikiandamana na madoa madogo mekundu ngozini na fizi zinazovuja damu.

Kipimo cha picha kamili ya damu kinaweza kuukatisha mzunguko huo, lakini tu kikisomwa vizuri. Chembe changa za lukemia, yaani blasti, mara nyingi mashine huzihesabu pamoja na limfosaiti au monosaiti, ambazo ni chembe nyeupe za kawaida, na jumla ya chembe nyeupe inaweza kuwa ya kawaida au hata ya chini, hivyo anayesoma mstari wa kwanza wa majibu peke yake atamrudisha mgonjwa nyumbani. Maabara hii ina utaratibu ninaotamani ungeigwa kote jijini: damu ikiwa imepungua na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikiwa chini sana ya kiwango cha kawaida, ambacho ni kati ya 150,000 na 450,000 kwa mikrolita, mteknolojia hutengeneza kioo bila kusubiri kuombwa. Nadhani tangu vipimo vya haraka vya malaria vilipoenea, vijana wengi wa maabara hawashiki hadubini mara kwa mara kama walimu wao walivyofanya, na ustadi huu usipotunzwa tutaupoteza.

Nilipompeleka mtoto mmoja aliyeletwa na mama yake mdogo kutoka Ukerewe, simu ilinifikia kabla ya karatasi ya majibu. "Daktari, samahani kukukatiza," mteknolojia alisema, "kwenye kioo cha yule mtoto naona blasti nyingi, na chembe sahani ni chache mno. Naomba asilale zahanati." Tulimpa rufaa siku hiyohiyo kwenda hospitali ya Bugando, ambako kuna huduma ya saratani ya watoto. Majibu yaliyoandikwa hayakutaja jina la ugonjwa. Yalieleza kilichoonekana na kushauri uboho, yaani sehemu laini ndani ya mifupa inakotengenezwa damu, uchunguzwe. Huo ndio uaminifu ninaoutaka, kwa sababu kioo peke yake hakitoshi kutenganisha aina mbili kuu, lukemia kali ya limfu na ile ya myeloidi, ambazo huanzia katika chembe changa tofauti za damu. Kutenganisha huko kunahitaji kupima alama zilizo juu ya chembe na mabadiliko ya vinasaba, na matibabu hutofautiana sana. Ya limfu hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu, ikianza na dawa za steroidi, vinkristini na asparajinesi, pamoja na dawa zinazowekwa kwenye maji ya uti wa mgongo kwa kuwa chembe hizo hujificha huko. Ya myeloidi hutibiwa kwa miezi michache ya awamu nzito.

Kuna aina moja ya myeloidi, ya promyelosaiti (hatua mojawapo ya chembe nyeupe changa), ambayo humtoa mgonjwa damu na kumuua katika siku za mwanzo, ilhali ni miongoni mwa zinazopona vizuri kwa asidi ya retinoiki na aseniki. Dawa hiyo ya kwanza huanzishwa kwa shaka tu, kabla kipimo cha vinasaba hakijarudi, na shaka hiyo mara nyingi huanzia kwa aliyeinamia hadubini.

Mama mdogo yule aliniuliza kama chanzo ni maji ya ziwa au kitu alichokula mtoto. Nilimweleza kwamba kwa watoto wengi wenye lukemia ya limfu badiliko la kwanza la vinasaba hutokea kabla ya kuzaliwa, na kwamba mionzi mikali, benzini na hali ya Down (ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada) huongeza hatari ya lukemia, lakini wagonjwa wengi hawana hata kimoja kati ya hivyo. Ugonjwa hauambukizi, na hakuna mlezi wa kulaumiwa.

Kasoro zipo. Maabara hufungwa Jumamosi mchana hadi Jumatatu, na sampuli inayoletwa kwa meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, ikichelewa huharibika, kwani chembe hubadilika umbo ndani ya kichupa baada ya saa chache. Chumba cha kusubiri ni kidogo, na mtoto anayetoka damu puani hukaa akibanana na wenye kikohozi. Fomu yao pia haina sehemu ya kuandika kama mgonjwa ameongezewa damu au amepewa prednisoloni au deksamethasoni, ambazo ni steroidi, wakati dawa hizo zinaweza kuzipunguza blasti kwa muda na kuuficha ugonjwa.

Kwa wenzangu wa zahanati za visiwani: toeni damu kabla ya steroidi na, hali ya mgonjwa ikiruhusu, kabla ya kuongeza damu, tumieni kichupa cha kifuniko cha zambarau, pakeni vioo viwili papo hapo, vikaushwe kwa hewa na kuandikwa jina kwa penseli, kisha vitumwe pamoja na kichupa.