GParted: programu ya kupanga diski nyumbani, kwa watu wa Malindi

Tatizo linalorudi sana kwenye kompyuta za nyumbani hapa Malindi ni C iliyobanwa, yaani ile sehemu ya diski yenye Windows. Diski ni ya GB 500 (Windows itakuonyesha 465 hivi, ni hesabu tu, hujaibiwa), C imepewa GB 60, na D, sehemu ya pili ya diski hiyohiyo, inakaa na nafasi kibao. Masasisho machache tu, C inajaa na mashine inaanza kujikokota.

Zana ya Windows yenyewe haikutoi hapo. Ukipunguza D, nafasi inayobaki hukaa mwisho wa D, upande wa kulia, na C hupanuka tu kwa nafasi tupu inayopakana nayo. GParted ndiyo hushika mwanzo wa patisheni (sehemu ya diski kama C au D) na kuusogeza. Ni ya bure, ipo tangu 2004, na unaiwasha kutoka kwenye flashi, nje ya Windows.

Iandike kwenye flashi kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia kompyuta. Flashi ya GB 2 yatosha. Kwenye Dell na Lenovo bonyeza F12 wakati wa kuwaka, kwenye HP ni F9. Katika menyu ya GParted chagua ipakiwe yote kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), isitegemee flashi tena. Chumvi ya bahari hula vyuma vya flashi, na flashi inayokatakata katikati ya kazi ni balaa.

Kabla ya hapo, zima Windows kikamilifu: shikilia Shift huku ukibonyeza kuzima, au andika powercfg /h off kwenye dirisha la amri la msimamizi. Usipofanya hivyo, C itatokea na alama ya onyo na GParted itakataa kuigusa. Inakataa kwa haki, kwa sababu Windows iliyolala bado imeshikilia faili. BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga data ya diski kwa siri, nayo iondolewe kwanza.

Dirisha likifunguka, tazama juu kulia uhakikishe ukubwa wa diski ndio wako, usije ukachezea ya nje. Rangi ya njano ndani ya kisanduku ni data, nyeupe ni nafasi iliyobaki. Vuta ukingo wa kushoto wa D kuelekea kulia. Kama kati ya C na D pana kipande cha kurudishia Windows, kisogeze nacho kulia, kisha panua C. GB 150 zatosha nyumba nyingi. Hakuna kinachofanyika mpaka ubonyeze alama ya vema ya kijani. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

Udhaifu wake mkubwa uko hapo. Kusogeza mwanzo wa D maana yake ni kuhamisha data yote iliyomo, na kwenye diski ya kuzunguka huchukua saa kadhaa. Umeme ukikatika katikati, D inaweza kupotea yote. Laptopu iwe na betri nzima na chaja imechomekwa. Ya mezani bila UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika), usiianze kabisa. Na picha za harusi zinakiliwe kwanza kwenye diski nyingine, maana D iko kwenye chuma kilekile na C.

Windows ikiwaka mara ya kwanza itakagua diski. Iache imalize.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na zile saa za kungoja.