Vichupa vya FGF2 na EGF: mwaka mmoja wa kulea seli shina za neva Unguja

Chupa ya kwanza ya FGF2 nilipoifungua niliiona tupu. Nikaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, nikamwita shoga yangu wa chumba cha damu aje ashuhudie kwamba tumeuziwa hewa. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe mikrogramu 50 za protini iliyokaushwa huwezi kuziona kwa macho. Ni utando tu, umegandia ubavuni au kwenye kizibo. Ndiyo maana karatasi inayokuja na chupa inasema uizungushe kwanza kwenye sentrifuji kwa sekunde chache, unga ushuke chini, ndipo ufungue. Sikuisoma. Hilo ni langu, simlaumu muuzaji.

Tunalea seli shina za neva za panya, yaani seli changa za ubongo zinazoweza kugawanyika na kugeuka seli nyengine, katika chumba kidogo cha kufundishia. Inkubeta, kabati la kuzitunzia seli kwenye joto, ni moja, nyuzi 37 na hewa ya ukaa asilimia 5, na wanafunzi wengi wao ni mara ya kwanza kushika pipeti. Seli hizi haziridhiki na sukari na chumvi. Bila vichochezi vya ukuaji, yaani protini zinazoziashiria zigawanyike, huacha kugawanyika, zikageuka: nyengine kuwa neva kamili, nyengine kuwa zile seli zenye umbo la nyota zinazozihudumia neva. Kwa hiyo unazipa vichochezi viwili, EGF na FGF2, nanogramu 20 ya kila kimoja kwa mililita, na seramu, yale maji ya damu, huitii kabisa, maana seramu nayo inazigeuza upesi.

EGF haijanisumbua hata siku moja. Ni protini ndogo, ina mafundo matatu ya salfa yanayoikaza, na ina historia ninayopenda kuwasimulia wanafunzi. Mtafiti Stanley Cohen aliitoa kwenye tezi za mate za panya dume baada ya kuona kwamba vitoto vya panya alivyovidunga maji ya tezi hizo vinafumbua macho kabla ya siku zao. Mwaka 1986 yeye na mtafiti mwenzake Rita Levi-Montalcini wakapata tuzo ya Nobel. Halafu 1992 Brent Reynolds na Samuel Weiss, kule Calgary, Kanada, wakachukua seli za ubongo wa panya mzima, wakazilea kwa EGF, na zikagawanyika. Kabla ya hapo wengi waliamini ubongo uliokwisha kukomaa hauna tena seli za namna hiyo. Basi EGF nyota tano, tuendelee.

FGF2 ndiyo yenye maneno. Ikiwa unga, mvumilivu. Sanduku letu lilikwama Dar siku mbili kwa karatasi za forodha, likaja kwa boti, na kutoka bandarini Malindi nililisindikiza mwenyewe juu ya gari la hamali huku nikimwambia, "Polepole kaka, humo mna mayai." Vipande vya barafu vilikuwa vishakuwa maji ya uvuguvugu. Unga haukudhurika. Nilichopoteza ni kirutubisho cha majimaji kilichokuwa kwenye sanduku la pili; barafu kavu ilikwisha njiani nacho kikayeyuka.

Ukishaiyeyusha, mambo yanabadilika. Mimi huweka mikrolita 500 za maji ya chumvi yaliyopimwa asidi, yenye albumini ya ng'ombe, protini ya damu yake, asilimia 0.1, kwa sababu protini kidogo namna hii bila mwenzake hujigandisha kwenye plastiki ikaishia hapo. Kisha nagawa mikrolita kumi kumi, vichupa 50, na kila kimoja kinatosha mililita 50 za chakula cha seli. Kikishatolewa kwenye friza hakirudi. Nimeandika hivyo kwa kalamu nyekundu mlangoni.

Haikusaidia. Ijumaa moja usiku umeme uliondoka, jenereta haikuwa na mafuta, na umeme uliporudi alfajiri friza ikagandisha tena kila kitu kana kwamba hapakutokea neno. Hakuna aliyeniambia. Jumatano yake seli zikaanza kufanya vitimbi. Kwa kawaida huelea zikajikusanya kuwa vibonge vya mviringo kama mayai ya kaa, vyenye ukingo unaong'aa, na ukiongeza ukubwa wa hadubini unaona vinywele vidogo vimechomoza pembeni. Safari hii vibonge vilikuwa vichache, vingine vimelala chini ya sahani, seli zimetambaa na kuwa bapa. Nikashuku bakteria. Nikabadilisha chakula, nikamgombeza mwanafunzi asiye na hatia (nilimwomba radhi baadaye, na mkate wa ajemi niliompelekea haukutosha). Mwishowe nikachukua kichupa nilichokuwa nimekiweka kwenye friza ya jengo jengine, na baada ya wiki moja vibonge vikarudi. FGF2 ilikuwa imeyeyuka na kuganda tena, nguvu imekwisha, na mimi naendelea kupima matone kwa umakini wote.

Hata bila ajali, ndani ya inkubeta FGF2 ya kawaida hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kwa siku moja tu. Heparini kidogo, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, huilinda, mikrogramu 2 kwa mililita, lakini bado unalazimika kuongeza FGF2 kila baada ya siku moja, Jumapili ikiwemo. Ndipo nikajaribu FGF2 iliyobadilishwa asidi amino zake (vipande vinavyojenga protini) chache ili istahimili joto. Bei yake karibu mara mbili. Sasa nalisha Jumatatu na Alkhamisi, na vibonge nikivitazama siviwezi kuvitenga na vya zamani. Ukiweka mbali bei ya chupa ukahesabu chakula cha seli kinachomwagwa na nauli ya kwenda Jumapili, mimi naona ni rahisi kuliko ya kawaida. Kwa aliye na umeme usiokatika na msaidizi wa zamu, pengine asiisumbukie.

Jambo moja linaudhi: lebo. Namba ya toleo imechapwa kwa wino unaofutika kwa spiriti, na kwenye maabara kila kitu kinapanguswa kwa spiriti. Piga picha siku ya kwanza. Nimemwandikia muuzaji mara mbili, amenijibu kwa ukarimu mwingi na lebo ni ile ile.

Na kwa kuwa mjini hakuna siri: jirani yangu, Bi mkubwa anayeuza vitumbua, alinisimamisha mlangoni. "Mwanangu, nasikia mnapanda ubongo huko. Kaka yangu kapigwa na kiharusi, huwezi kuniletea japo kichupa kimoja?" Nikamwambia ni seli za panya, Bi mkubwa, na kwenye chupa pameandikwa ni kwa utafiti tu, hairuhusiwi kumdunga mtu. Akaniangalia kwa muda. "Basi ikifika ya watu, usinisahau." Ukiona mtu anakutangazia hivi vitu kama tiba ya mgonjwa wako, muulize kwanza lebo yake inasemaje.

EGF tano. FGF2 ya kawaida tatu, inayostahimili joto nne na nusu. Nusu iliyobaki nitaitoa lebo ikibadilishwa. Oda mpya nimeomba ifike Dar Jumatatu, ili forodha ikichelewa kidogo bado niipate boti ya saa moja asubuhi kabla ya Ijumaa.