Nililipia waranti ya pete, ya hereni nikaikataa

Swali la muuzaji huja ukiwa umeshatoa pesa na kijiboksi kiko mkononi: "Dada, tukuwekee na waranti?" Nimeulizwa hivyo mara mbili katika duka lilelile. Mara ya kwanza nilikubali, mara ya pili nikakataa, na baada ya miaka minne nina la kusema.

Pete yangu ni ya dhahabu nyeupe ya karati 18, yenye almasi moja iliyoshikwa na kucha nne, yaani vishikio vidogo vya dhahabu. Naivaa kila siku. Mimi ni muuguzi. Glovu navaa na kuvua kutwa, mikono naosha mpaka ngozi inakauka. Ndiyo maana nilikubali waranti, ingawa wakati ule nilidhani kinacholindwa ni jiwe. Kumbe almasi ni ngumu kuliko kito kingine chochote. Kinacholika ni dhahabu inayoishika.

Mwaka wa pili glovu zikaanza kuchanika kila zikipita kwenye kidole kile. Nikaipeleka pete dukani. Fundi akaitazama kwa lenzi, akanirudishia: "Hebu isogeze sikioni, uigonge kidogo." Nikaigonga kwa ncha ya kidole, nikasikia mlio mwembamba, kama chembe ya mchanga ndani ya kibati. Jiwe lilikuwa linacheza. Akanipa lenzi nijionee mwenyewe: ukucha mmoja umelika hadi umekuwa bapa, wa pili umenyanyuka ncha, na huo ndio uliokuwa ukichana glovu. Moyo ulinienda mbio. Almasi ile ingeweza kutoka pamoja na glovu, ikaishia kwenye pipa la taka, nami nisijue hadi jioni.

Walizijenga upya ncha za kucha zote nne, wakalikaza jiwe, na sikutoa hata senti. Waranti ilihusu pia kuichovya rodi, metali nyeupe inayong'aa, mara moja kwa mwaka. Hili wengi hawaambiwi dukani. Karati 18 maana yake asilimia 75 ni dhahabu, na dhahabu kwa asili ni ya njano, kwa hiyo weupe ule unaometa unatokana na utando mwembamba wa rodi uliopakwa juu. Yangu ilikuwa ikilika upande wa kiganja, na mwaka haujaisha njano inaanza kuchungulia. Kwa kucha na rodi peke yake, pesa niliyotoa ilirudi.

Ila waranti hii ina mtego, na mimi ulininasa. Pete lazima ipelekwe kukaguliwa kila miezi sita na karatasi igongwe muhuri. Mwaka wa tatu nilijifungua. Vidole vilivimba, pete ikakaa kabatini, na tarehe ya ukaguzi ikanipita kwa wiki tano. Nilipofika nikaambiwa waranti imekufa, wakati nilikuwa nimelipia miaka mitano. Nilieleza, nikaomba kuonana na meneja, haikusaidia kitu. Niliondoka nimeumia sana. Duka linalopokea pesa ya miaka mitano kwa mkupuo, kisha likashindwa hata kutuma ujumbe mmoja wa kumkumbusha mteja, halimtendei haki.

Sasa hereni. Hizi zilikuwa za zumaridi, na safari hiyo niliomba karatasi kabla ya kulipa. Kupotea hawahusiki, kuibwa hawahusiki, jiwe kupasuka kwa kugongwa hawahusiki. Nikajiuliza: hereni huharibika kwa nini? Sikio halisugui, halifui, halivai glovu. Balaa la hereni ni kupotea, na la zumaridi ni kupasuka, maana jiwe hilo mara nyingi huwa na nyufa za asili zilizojazwa mafuta. Kasoro za kiwandani duka lilishazibeba kwa mwaka wa kwanza bila malipo. Kilichobaki cha kununua ni kusafishiwa, na hilo nalifanya nyumbani kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na kitambaa.

Miezi minane baadaye hereni moja ilinaswa na mtandio nikiwa safarini, na sikuiona tena. Waranti isingenirudishia. Bima ya vito ingenirudishia, lakini sikuwa nayo.

Waranti ya pete ningeinunua tena, lakini tarehe za ukaguzi ningeziweka kwenye simu papo hapo, na kabla ya kulipa ningeuliza mambo mawili: aliyelazwa au kusafiri anaongezewa siku ngapi? Na ukucha ukilika jiwe likadondoka, mnanipa jiwe jingine au mnatengeneza ukucha tu? Majibu ningetaka yaandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi, kwa sababu siku ya tatizo aliyekujibu kwa mdomo huenda hayupo.

Ile hereni iliyobaki nimempa sonara mwingine aigeuze kidani. Naye aliniuliza kama nataka waranti. Nilimwomba karatasi, nikakaa nayo siku mbili. Zumaridi atalizungushia ukingo mzima wa dhahabu ya njano, kwa hiyo hakuna kucha za kulika wala rodi ya kutoka. Nikamrudishia karatasi yake, nikaenda kuulizia bima.