Huduma ya Ushauri wa Kuoanisha Mtaala, Ufundishaji na Upimaji: Tathmini Yangu
Huduma hii ya ushauri, ambayo shule yetu iliilipia ili mtaala, ufundishaji na upimaji viende pamoja, ninaipendekeza kwa moyo wote, ingawa ina upungufu mmoja. Wakufunzi walijenga kazi yao juu ya wazo lililoelezwa na mtaalamu wa elimu John Biggs mwaka 1996, kwamba kitenzi kilichomo katika lengo la somo ndicho kinachopaswa kuongoza shughuli za darasani na maswali ya mtihani. Waliweka malengo yetu ya sayansi kando ya karatasi ya mtihani: lengo lilimtaka mwanafunzi achunguze na kueleza sababu, lakini swali lilisema, "Taja sehemu nne za ua." Hapo hata walimu wakongwe waliona wazi kwa nini wanafunzi hukariri, kwani mwanafunzi husoma kile anachojua kitapimwa. Jedwali la kutahini walilotuachia, linaloonyesha uzito wa kila mada na kiwango cha fikra kinachopimwa, ni zuri mno. Upimaji endelevu, yaani ule unaofanyika wakati masomo yakiendelea, kwa bahati mbaya, uligusiwa juu juu, na mwalimu anayetaka kujua la kufanya baada ya kusahihisha madaftari atahitaji msaada zaidi.