Uzoefu wangu: nyumba ya mapumziko kando ya mfereji wa Stratford, Warwickshire

Ukitafuta nyumba ya mapumziko mashambani Uingereza, usianze kwa kuhesabu vyumba. Uliza kwanza: nikifungua mlango, naweza kufika wapi kwa miguu? Kwa kipimo hicho, nyumba tuliyokodi karibu na kijiji cha Lowsonford, kusini mwa Lapworth, imezishinda zote nilizowahi kulala nchi hii, ingawa yapo mambo ndani yake yaliyoniudhi.

Ni nyumba ndogo ya matofali mekundu, hatua chache kutoka majini. Vitanda ni vizuri, sebule ina joto, na jikoni vyombo vinatosha. Nilibeba mwiko na unga wangu kutoka Coventry na nilifanya vyema, maana dukani ni lazima uende na gari. Simu inashika kwa shida. Lakini kero kubwa ni ngazi. Ni za mbao, nyembamba, tena zimesimama wima kiasi kwamba mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Morogoro, hakuweza kuzipanda, ikabidi tumtandikie sebuleni. Tangazo halikugusia ngazi hata kidogo. Kama una mzee au mtu mwenye maumivu ya magoti, uliza kabla ya kulipa chumba cha kulala kiko juu au chini, na choo vilevile.

Wenye watoto wadogo nao wajue kwamba kati ya bustani na mfereji hakuna uzio. Wa kwetu hawakutoka nje bila mtu mzima.

Sasa nije kwenye mfereji wenyewe. Ulianza kuchimbwa mwaka 1793 na ukafika Stratford-upon-Avon mwaka 1816, enzi ambazo boti za mizigo zilivutwa kwa kamba na farasi aliyetembea kandokando. Njia ya farasi ndiyo njia yetu sasa ya kutembelea. Madaraja madogo ya chuma yana mwanya katikati, na mtu asiyejua anaweza kudhani yamepasuka. Mwanya huo uliachwa makusudi ili kamba ipite bila kumfungua farasi. Utaona pia nyumba za zamani za walinzi wa mfereji, paa lake limepinda kama pipa lililolazwa. Inasemekana mafundi waliozijenga walizoea kujenga madaraja, wakatumia umbo lilelile kuezekea nyumba.

Watoto walipenda zaidi loki, yaani vyumba vya maji vyenye milango pande mbili vinavyopandisha na kushusha boti mlimani. Boti inaingia, milango inafungwa, maji yanafunguliwa kutoka juu, na boti inainuka taratibu mpaka mnatazamana uso kwa uso na nahodha. Loki za hapa zina upana wa futi 7 tu, kwa hiyo ni boti nyembamba pekee zinazopita. Wenye boti ni watu wakarimu. Ukisimama karibu na kuwasalimu, mara nyingi watakuruhusu kusukuma boriti ya lango, kazi ambayo hufanywa kwa kuegemeza mgongo. Mama alitolewa kiti, akakaa nje asubuhi nzima akizitazama zikipanda na kushuka, na kila aliyepita alimpungia mkono.

Nilivutiwa zaidi nilipojua kwamba mfereji huu ulikaribia kufa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 halmashauri ya Warwickshire ilitaka ufungwe kabisa. Wapenzi wa mfereji walitoa tiketi iliyolipiwa mtumbwi kupita humo kama ushahidi kwamba bado unatumika, na mwaka 1959 ombi la kuufunga likakataliwa. Kazi ya kuufufua ilifanywa na watu wa kujitolea, wanajeshi, hata wafungwa kutoka gereza la Birmingham, na Julai 1964 Malkia Mama Elizabeth, mama yake Malkia Elizabeth wa Pili, akaufungua upya. Kila loki niliyoikanyaga baada ya kujua hayo niliitazama kwa heshima.

Kwa matembezi marefu, fuata maji kuelekea kusini mpaka Edstone, kupita Wootton Wawen. Hapo mfereji unapita hewani ndani ya mtaro wa chuma wa takriban mita 145, juu ya barabara na reli. Njia ya miguu iko usawa wa chini ya mtaro, kwa hiyo boti inakupita ubavuni karibu na kichwa chako. Tenga siku nzima, ubebe chakula.

Ukichoka na maji, geukia mashamba. Kisheria, njia za umma za waenda kwa miguu hukatiza katikati ya shamba la mtu, na hakuna wa kukufukuza. Fuata mishale ya njano kwenye nguzo, funga kila geti ulilofungua, na wapishe ng'ombe. Nunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza) aina ya Explorer, ambayo njia hizo imezichora kwa vistari vya kijani, kwa sababu simu itakuangusha. Vaa viatu vya kuzuia maji hata kiangazi.

Bei hupanda sana shule zikifungwa. Mei na Septemba ni nafuu, na boti bado zinapita. Majira ya baridi loki nyingine hufungwa na kukaushwa kwa matengenezo, kwa hiyo anayekuja kwa ajili ya boti aepuke kati ya Novemba na Machi. Sisi tutarudi Mei, mfereji uleule, ila safari hii nyumba yenye chumba cha kulala chini, na picha ya ngazi nitaidai kabla sijatoa hela.