Mtungi wa poda au blanketi la kuzimia moto?

Kwa jiko la nyumbani, pesa ikitosha kitu kimoja tu, mimi naanza na blanketi la kuzimia moto, yaani kitambaa maalumu kisichoshika moto. Moto mwingi wa jikoni huanzia kwenye karai la mafuta, na hapo blanketi halina mpinzani: zima gesi, kinga mikono kwa pindo lake, funika karai taratibu kuanzia upande wako, kisha usilifunue mpaka lipoe kabisa. Aliyeshika moto nguoni naye huviringishwa humo humo. Halihitaji kujazwa, hata mtoto mkubwa hufundishika. Maji kwenye mafuta yanayowaka, kamwe!

Mtungi wa poda ya kuzimia moto una nguvu zaidi moto ukishafika kwenye pazia, godoro au nyaya za umeme. Vuta pini, elekeza mdomo chini kwenye kiini cha moto, bana, pepea kushoto na kulia. Ila mtungi mdogo huisha kwa sekunde chache, na ukiupulizia karibu mno unaweza kurusha mafuta yanayowaka. Angalia mshale wa kipimo cha presha uwe kwenye kijani, na upeleke kukaguliwa kila mwaka.

Kwa walio Bukoba, waliotikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9 tarehe 10 Septemba 2016, ufungeni mtungi wa poda ukutani kwa mkanda imara, karibu na mlango. Blanketi likianguka halimuumizi mtu. Ardhi ikitulia, funga gesi kwanza; ukisikia harufu yake usiguse swichi, toka nje. Zimamoto Tanzania ni 114.