Bamba la mkanda wa jeshi kutoka ardhini: ligeuze kwanza

Habari zenu, karibuni. Mezani leo kuna bizimu la mkanda wa askari, limetoka upande wa Kondoa. Watu wakiokota kitu hiki hukimbilia kusoma mbele. Sisi tunaligeuza.

Sogea karibu na kamera. Upande huu kuna ndoano pana iliyokunjwa. Upande wa pili kuna kijiti chenye meno mawili yanayoingia kwenye matundu ya mkanda, ndivyo askari alivyobana au kulegeza. Kingo zote nne zimekunjwa kurudi nyuma kama kifuniko cha kopo. Huo ni mtindo wa Kijerumani.

Sasa rula. Pima nafasi ya kupitisha mkanda, siyo sura ya mbele. Hapa ni milimita 45, kipimo cha mkanda wa askari wa Kijerumani. Askari wa Kiingereza mwenye vifaa vya toleo la 1908 alivaa mkanda wa turubai wa inchi 3, yaani milimita 76. Mkanda wa toleo la 1937 ni inchi 2 na robo, milimita 57. Kwa hiyo ukiletewa shaba tupu ya milimita 57 na muuzaji akaapa ni "ya Mjerumani wa zamani", mrudishie.

Sumaku: hili halinasi, ni shaba ya njano. Likinasa ni chuma. Mwaka 1915 Wajerumani walihamia chuma kilichopakwa rangi ya kijivu, kwa sababu shaba ilitakiwa kwenye maganda ya risasi na mizinga.

Tugeuze mbele sasa. Mnaona hili duara jeusi lenye mikwaruzo? Hiyo ni lehemu. Kwenye bizimu la shaba nembo ilikuwa kipande cha peke yake kilicholehemiwa juu, na ardhini hubanduka. Wengi hulitupa wakidhani ni takataka. Nembo ikiwepo na ina taji na GOTT MIT UNS, yaani Mungu yu pamoja nasi, ni la Prussia, dola mojawapo ndani ya Ujerumani ya wakati huo. IN TREUE FEST, yaani imara katika uaminifu, ni la Bavaria, dola nyingine ya humo humo. Tai mwenye swastika ni wa baada ya 1933, wakati Ujerumani ilishaipoteza nchi hii, kwa hiyo msiniambie ni wa mapigano ya 1916, ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Ua la petali tatu? Hilo ni la skauti, jamani.

Bandia za kumimina hujitaja zenyewe: vitundu vidogo vidogo kama vya mkate, herufi zilizovimba bila kona. Bizimu la chuma la kweli limegongwa kwa mashine, kwa hiyo palipoinuka mbele pamebonyea nyuma.

Kuhusu ditekta, mashine ya kutafutia vyuma ardhini: udongo wetu mwekundu una chuma kingi, mashine inapiga kelele ovyo. Isawazishe na ardhi kila unapohama sehemu. Na ukiziba sauti zote za chuma, umeliruka bizimu la 1915 bila kujua. Kondoa kuna mchanganyiko wa vitu vya pande mbili: jeshi la Van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini upande wa Waingereza, liliingia hapo Aprili 1916, Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akashambulia Mei, na Dodoma ikaanguka mwishoni mwa Julai. Askari wa Van Deventer walikuja na farasi, na farasi wengi wakafa kwa ugonjwa, ndiyo maana bizimu za hatamu ni nyingi. Zina ulimi mmoja, hazina ndoano.

Kusafisha ni maji ya betri, yale ya kujazia, siyo asidi, na mswaki laini. Udongo mgumu ung'oe kwa kijiti cha mwanzi. Siki inakula lehemu, ndimu inaondoa kutu ya kijani pamoja na ncha za herufi. Brashi ya waya sitaki hata kuisikia. La chuma usililoweke: likaushe, uache mabaki ya rangi ya kijivu, huo ni ushahidi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali cha kuchimba, kwa hiyo anzia Idara ya Mambo ya Kale. Ukikuta risasi nzima au kombora, usiguse. Weka alama mbali kidogo, piga simu polisi.

Hili la mezani basi: shaba, milimita 45, meno yote mawili, nembo haipo. Kwenye lebo andika "Kijerumani, aina ya shaba". Usiandike Prussia. Na mwenye kibali arudi pale pale, apitishe ditekta hatua mbili kila upande. Kile kipande cha duara ni chepesi, kinatoa sauti ndogo kama ya kizibo cha soda.